Kompyuta ya Machinjioni

Supu iliyokuwa kwenye picha iliganda.

Aliyeiona kwanza alikuwa dereva wa lori la saruji, saa nne asubuhi, akisubiri bakuli lake mbele ya kaunta. Juu ya kaunta kulikuwa na skrini tatu mpya za kuonyesha vyakula na bei. Ile ya kati ilikuwa na picha ya coto, supu ya nyama na matumbo ya ng'ombe iliyolipatia duka hilo jina katika mji mzima wa Makassar.

"Daeng," alimwambia mwenye duka, kwa neno la heshima la huko, "jana supu ya hapo juu ilinitoa udenda. Leo imeshika mafuta kama kiporo. Mmebadilisha picha?"

Daeng Kanang alicheka. "Picha inagandaje, wewe? Umelala vizuri kweli?"

Kisha akainua macho, na kicheko kikamkauka. Utando mweupe ulikuwa umefunika bakuli lote la kwenye picha, na katikati ulikuwa na tundu, kama mtu amechovya kidole akalamba.

Akampigia simu Hasnidar, fundi aliyefunga skrini. Hasnidar alifika amenuna, maana kazi hii ilimkera tangu mwanzo. Alikuwa amewashauri wasitegemee televisheni ijiendeshe yenyewe, kwa kuwa huchoka upesi ikiwaka kutwa. Wanunue kisanduku kidogo cha kompyuta kisicho na feni, kilichozibwa pande zote, kwani jiko liko hatua nne tu na hewa imejaa mafuta. Kanang alikubali. Mumewe, Daeng Sikki, akagoma.

"Kisanduku kama kipande cha sabuni kiendeshe skrini tatu? Dada, nenda kafulie nguo," alimkejeli. Kesho yake akaleta kompyuta kuukuu, nzito, yenye feni nyuma, aliyoipata karibu bure kwenye machinjio yaliyofungwa nje ya mji. Huko ilikuwa ikiendesha skrini ya kuita wanunuzi. Ilikaa miaka mingi sakafuni, kando ya mfereji wa damu. Sasa ilikaa kwenye rafu juu ya sufuria.

"Unasikia?" Kanang alinong'ona.

Hasnidar alisikia. Feni ilikuwa ikizunguka, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayetafuna mdomo wazi, pole pole, akimeza na kuvuta kamasi katikati ya matonge. Kila ilipomeza, harufu ilishuka: harufu ya ngozi mbichi iliyoachwa kwenye ndoo yenye maji.

Hasnidar alichomoa waya wa umeme. Skrini hazikuzima. Kipande cha utumbo kwenye picha ya kulia kikaanza kujinyonganyonga.

"Daeng, waondoe wateja," alisema kwa sauti ndogo.

Duka lilipobaki tupu, akapanda ngazi, akafungua skrubu, akavuta kifuniko. Kilitoka kwa shida, kikivuta nyuzi ndefu za ute. Ndani hapakuonekana waya hata mmoja, kulikuwa na manyoya ya ng'ombe yaliyolowa na kushikana kwa mafuta ya manjano, na katikati ya manyoya kulikuwa na magego yamejipanga kwenye ufizi wa waridi, nao ufizi ulikuwa na joto, kwa maana mvuke wake ulimpiga Hasnidar usoni, ukamwingia puani na kinywani, akauonja, akashuka mbio na kutapika kwenye karai la vyombo huku akilia.

"Usikiguse!" Daeng Sikki alikuwa amesimama mlangoni. "Nani kakwambia ufungue? Kinakula!"

Kanang alimtazama mumewe. Kwa wiki nzima alikuwa akimkuta juu ya ngazi ile, akisema anafuta vumbi.

"Baba Rannu," alimwita kwa jina la mtoto wao, "kidevu chako kimefanya nini?"

Kidevu kilikuwa kinang'aa mafuta, na unyoya mmoja mweusi ulikuwa umeganda pembeni ya mdomo. Sikki aliutafuta kwa ulimi, akauvuta ndani.

Sanro Tima aliletwa kwa pikipiki kabla ya adhuhuri. Ni mganga anayezalisha na kuosha maiti, mwanamke asiyeshtushwa na chochote kinachotoka mwilini, lakini hata yeye alijifunga mtandio puani. Alimwaga chumvi kuzunguka rafu, akasoma aya, akapuliza. Bei zikafutika kwenye skrini zote tatu, na maneno yakajiandika mahali pake: NANI ATANILISHA?

"Hapa hakuna wa kukulisha," alijibu Sanro Tima. "Watu hawa si wako. Toka kwa jina la Mwenyezi Mungu!"

Aliposema hivyo mara ya tatu, Kanang alisikia nyuma yake, aliposimama mumewe, sauti ya chini kabisa, kama ya mtu anayejibu usingizini.

"Mimi."

Skrini zikazima. Harufu ikakatika palepale, na ndani ya kompyuta zikabaki waya na vumbi.

"Ametoka," alisema Sanro Tima, akiketi kwa uchovu. "Itupeni baharini."

Waliitupa. Hasnidar akafunga kisanduku chake kidogo, picha zikang'aa, wateja wakarudi. Kanang hakumwambia mtu alichosikia. Alijiambia ni hofu, masikio yamemdanganya.

Siku ya tisa walikaa kula chakula cha mchana nyumbani, yeye na mumewe, samaki wa kuchoma na wali. Sikki alikuwa mtulivu, amenawa, amechana nywele, amevaa shati safi. Alinyoosha mkono kwenye sahani, akakata kipande cha samaki, akakiinua.

Alikuwa hajafungua mdomo bado, lakini sauti ya kutafuna ilikuwa imeshaanza.

Kanang aliweka tonge lake chini. Akanyanyuka taratibu, akachukua mtandio na viatu, akatoka kwenda kwa dada yake bila kunawa mkono.