Kinu cha Glory

Ta!

Felista alishtuka usingizini. Kulikuwa hakujakucha. Alimulika jikoni kwa tochi ya simu, akatazama uchaga ulio juu ya mafiga. Kinu kipya kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni.

"Baba Glory," aliita taratibu. "Amka. Na hiki pia."

Mumewe Kasiani aliamka, akakishusha. Hiki kilikuwa cha pili. Binti yao Glory alikuwa anakaribia kuolewa Mkuyuni, na yeye alikwisha kutamka mbele ya wakwe: binti yangu atatwanga kwenye kinu nilichochonga mwenyewe. Mfenesi wao ulioangushwa na upepo ulikuwa umebaki gogo moja tu.

Kulipokucha, Felista alimwendea jirani yao Hidaya. Baba yake Hidaya alikuwa mchonga vinu kule Kisaki. Hidaya aliacha ungo wake wa mchele, akaja hapo hapo.

"Shemeji, ulikikaushia wapi?"

"Uchagani, juu ya moto. Mbegu ya mahindi inakaa pale mwaka mzima, haiharibiki."

"Kwani hiki unataka kukipanda?"

Kasiani, pamoja na huzuni yake, alicheka.

Hidaya alipitisha kidole kwenye ufa. "Mti mbichi una maji. Moto unakausha nje haraka, ndani bado kumelowa. Nje kunasinyaa, ndani kunakataa, basi kinapasuka. Jua kali nalo ni hivyo hivyo."

"Sasa nifanyeje?"

"Kichimbe kikiwa kibichi, ila acha kuta nene. Paka nta mdomoni na kitakoni, maana maji hutoka haraka pale palipokatwa. Kisha kifukie kivulini, kwenye maranda hayo hayo yanayobanduka kwa tezo lako. Kikiacha kupungua uzito, kimekauka. Ndipo umalizie."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi kadhaa."

"Harusi itakuwa imepita!"

"Ipite. Uliahidi kinu, hukuahidi tarehe."

Kasiani aliona aibu, lakini alikwenda mwenyewe Mkuyuni kumweleza mkwe wake Juliana, mama wa bwana harusi. Juliana hakumcheka.

"Atatwangia changu," alisema. "Wewe chonga bila haraka."

Glory aliolewa. Kinu cha tatu, kilichochimbwa kwenye lile gogo la mwisho, kilibaki kimefukiwa chini ya upenu. Mara kwa mara Felista alikifukua, akakinyanyua kupima uzito, akakirudisha. Masika yakaja, yakaisha. Siku moja uzito haukupungua tena; Kasiani akachukua tezo, akakimalizia. Hakikuwa na ufa hata mmoja.

Walikipeleka Mkuyuni kwa bodaboda. Juliana alimimina mpunga kwa mkono wake, Glory akashika mchi. Kasiani alisikiliza huku amebana pumzi. Du! Du! Du! Kinu kilitulia. Mpunga ukakoboka mweupe. Kasiani akashusha pumzi, na Glory akamtazama baba yake akitabasamu.

Walipoaga, Juliana aliushika mkono wa Felista, hakutaka kuuachia.

"Mama Glory, leo mmeletwa na kinu," alisema. "Njooni tena. Safari hiyo msibebe chochote, mje tu kukaa."