Miche Iliyochelewa

Kila mvua zilipoanza, ugonjwa wa ukungu ulikausha vitunguu vya mke na mume fulani. Lakini vitunguu mwitu, vilivyoota kwenye mawe nyuma ya shamba lao, havikuguswa. Mke akachukua chavua ya kitunguu mwitu, akaipaka kwenye maua ya kitunguu chake. Akapata mche mmoja. Ukungu haukuuweza. Mche ulichanua vizuri, ila haukuzaa mbegu.

Akaupeleka kwa wifi yake, dada wa mume, fundi wa maabara ya mimea.

"Wifi, huyu mrembo wa bure. Maua tele, mbegu hakuna."

"Ndani ya kila seli mna nyuzi za urithi, ziitwazo kromosomu," wifi alisema. "Huyu ana nane za kitunguu chako na nane za mwitu. Ili mbegu zitungwe, kila uzi unahitaji mwenzake. Hizi hazilingani."

"Sasa?"

"Tutaziongeza maradufu. Kila uzi upate pacha."

Wifi alikata kitako cha mche vipande vidogo, akavisafisha, akavilaza katika chupa zenye chakula kilichoganda kama uji baridi. Baadaye, akiwa amevaa glavu, alivilowesha katika dawa ya kuongeza nyuzi hizo, iitwayo kolchisini.

"Hii ni sumu, wifi. Si ya kujaribia jikoni."

Vipande vingi vilikufa. Vilivyopona vilitoa miche ishirini, ikapelekwa nyumbani izoee udongo. Wifi angekuja kupima ncha za mizizi, ahesabu nyuzi zake.

Alipofika, alikuta miche kumi na miwili.

"Mingine iko wapi, kaka?"

"Nimeing'oa," mume alijibu. Alikuwa bingwa wa kitalu. "Ilikuwa mivivu. Mche dhaifu hula chakula cha wenzake."

"Lo! Dawa ile huchelewesha mmea. Tunaoutafuta huenda ni huo mvivu!"

"Mbona hukusema?"

"Hapo nimekosa mimi."

Walipekua lundo la magugu. Miwili ilikuwa hai bado. Kwenye hadubini, miche yote mirefu iliyoachwa kitaluni ilikuwa na nyuzi kumi na sita. Mvivu mmoja, kumi na sita. Wa pili, thelathini na mbili.

"Kumbe uvivu si ushahidi," mke alisema.

"Ushahidi ni hesabu," wifi alijibu.

Msimu uliofuata mche huo ulichanua, ukazaa mbegu kumi na moja. Walipanda tano, sita zikabaki maabara. Mvua ziliponyesha, miche minne ilibaki kijani. Wa tano ulishikwa na ukungu. Mkono wa mume ulienda kuung'oa, ukasita. Akampigia dada yake simu, aje auone kwanza.