Chupa Aliyoiacha kwa Mzee Melkior

"Chukua chupa yako, Filbert. Kesho wanakuja watu wa Ronald, na mama hataki posa mbili zikutane kwenye nyumba moja."

Dominika aliiweka chupa juu ya meza ya barazani, akakunja mikono.

Filbert hakuigusa. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka Moshi mjini mpaka Kibosho kwa sababu ya ujumbe mmoja tu: "Njoo nyumbani mchana. Kuna kitu chako." Njia nzima alijidanganya kwamba kitu chenyewe huenda ni Dominika. Mwanaume akipenda akili humruka, tusimcheke.

"Pole kwa msiba wa mzee," alisema.

"Asante. Nilikuona siku ya kuzika, umejificha kule nyuma."

"Sikutaka kukusumbua."

"Hujawahi kutaka kunisumbua. Ndiyo shida yako."

Chupa ile ilikuwa wiski ya Kimarekani, ile inayoitwa bourbon, ya mahindi, iliyolala miaka kumi na minane ndani ya pipa la mbao lililochomwa kwa moto. Haikuongezwa maji hata tone, kwa hiyo ukali wake si wa mchezo, na za namna hiyo hutengenezwa chache sana. Filbert alipewa na mtalii mmoja mzee wa Kentucky, ambaye yeye Filbert alimshusha mlimani mguu ulipomteguka. Akaitunza kwa ajili ya siku moja tu, siku ya kupeleka mbege, pombe ya ndizi ya kuposea, kwa kina Dominika.

Siku ilipofika, sasa ni miaka kadhaa, mbege ilionjwa na mjomba wa Filbert. Lakini chupa ilikuwa ya Filbert mwenyewe, na mzee Melkior, baba yake Dominika, akamwambia kwa furaha, "Haya mkwe, onja wewe kwanza." Kwetu Uchagani ndivyo ilivyo, anayeleta kinywaji anakionja mbele za watu ili waone hakina sumu. Filbert akakataa. Wajomba wa Dominika wakakohoa. Akaambiwa tena, akakataa tena, na hakueleza. Basi, kikao kikavunjika, uchumba ukafia palepale. Katika vurugu ile chupa ikasahaulika mezani.

"Kabla hujaondoka, niambie," Dominika alisema. "Kwa nini hukuonja?"

"Nilitaka kukueleza, ukanifungia namba."

"Nilikuwa na hasira. Eleza sasa."

Filbert alitazama migomba.

"Baba yangu aliuawa na pombe ya gongo, Domi. Siku ya mazishi nilimwapia mama kwamba kileo hakitapita kooni kwangu. Ningeyasemaje hayo mbele ya wajomba zako, huku naomba mke?"

"Ungeniambia mimi! Nilijua umeghairi. Nimelia, nimekuchukia, nikahamia Dar ili nisikuone!"

"Na mimi nikaishia kaunta ya baa hotelini."

"Wewe? Baa?"

"Nawachagulia wageni wiski kwa pua. Nazijua zote, na hakuna niliyowahi kuimeza."

Dominika alicheka bila kupenda, na kicheko kile kilimuumiza Filbert kuliko matusi. Akainyanyua chupa ili aondoke. Akasita, akaigeuza kwenye mwanga.

"Domi, hii imefunguliwa."

"Haiwezekani."

"Nta ya kwenye kizibo imekatwa. Na imepungua, angalia."

"Usinitazame mimi! Mama! Mama, njoo!"

Mama Margareta alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Mama, nani amekunywa wiski ya Filbert?"

"Baba yako."

Dominika alikaa.

"Kila Krismasi, tukitoka misani," mama aliendelea. "Kijiko kimoja tu. Ya kwanza aliinywa kwa hasira, eti kama ni sumu afe watu waone. Hakufa. Alikaa hapohapo barazani, akaniambia, Margareta, yule kijana alituletea kitu kizuri."

"Mbona hakuniambia?"

"Baba yako huyo, akiri kwamba alikosea? Mnadhani kwa nini nilitaka chupa irudishwe mkononi mwa Filbert, isipelekwe na mtu? Nilitaka mwenyewe aione. Sasa niambieni, kinywaji cha mposaji kikishanywewa na baba mwenye nyumba, maana yake nini?"

Wote watatu walijua. Amekubali.

Simu ya Dominika ikalia. Ujumbe wa Ronald: "Baby, wazee wanatoka Dar alfajiri. Uko ready?"

Aliusoma, akamgeukia Filbert.

"Umeoa?"

"Nimuoe nani?"

"Bado unanitaka?"

"Nilikutaka siku ile nafukuzwa. Nakutaka sasa."

Dominika alipiga simu palepale.

"Ronald, waambie wazee wasisafiri."

"Kuna tatizo?"

"Baba alishapokea posa ya mtu. Mimi nimejua leo."

"Huyo mtu unampenda?"

"Ndiyo. Nisamehe."

Halafu Ronald akasema taratibu, "Afadhali leo kuliko kesho," akakata. Hakuwa mtu mbaya, na Dominika alimlilia kidogo.

Mama akaleta glasi ndogo. "Nani anaonja?"

"Mimi nina kiapo, mama," Filbert alisema.

"Mzee alishakuonjea. Huyu Dominika ndiye bado."

Filbert akamimina kidogo, akadondosha tone la maji.

"Usizamishe pua. Fungua midomo kidogo, vuta taratibu. Unasikia nini?"

"Sukari iliyoungua. Na ndizi mbivu, zile za kupikia mbege."

"Sasa onja. Iache ulimini kwanza."

Dominika akaonja. Macho yakamtoka, akakohoa, akapiga meza.

"Moto!"

"Subiri. Moto utapoa."

Akasubiri. Joto lilishuka kifuani polepole, nyuma yake ukabaki utamu na harufu ya mbao. Mara akaweka glasi chini, akaziba mdomo.

"Domi, nini?"

"Hii harufu naijua. Kila Krismasi mchana nikishuka kwenye basi, baba alikuwa akinikumbatia, ananukia hivihivi. Nilikuwa namuuliza, anasema ni dawa ya kifua."

Akalia kwa sauti, na Filbert akamshika. Safari hii hakuogopa kumsumbua. Baadaye Dominika alimwaga iliyobaki kwenye glasi chini ya mgomba, kwa ajili ya baba.

"Aika, mzee," Filbert alishukuru kwa Kichaga.

"Januari mlete mbege upya," Mama Margareta alisema akirudi jikoni. "Na wewe Filbert ubebe kreti la soda. Utaonja mwenyewe, mbele ya wajomba wote."