Wageni wa Njia ya Chini

Kila Jumamosi asubuhi, chai haijamshuka vizuri tumboni, Rhona Gourlay alikuwa tayari gatini, ameinamia dema, mtego wa kunasia kamba, na kulikwangua mwani kwa brashi ya waya. Mama yake, Senga, alivua kaa na kamba hapo kijijini Pitcarrow, kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti, na madema yake ya kusafishwa hayakuwa na mwisho. Rhona alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi hiyo aliipenda, kwa sababu akiwa pale gatini kila aliyepita alimsalimu kama mtu mzima.

Jumamosi hii, hata hivyo, brashi ilikwenda kwa hasira. Alhamisi darasani mwalimu alikuwa ameuliza kwa nini bahari hujaa na kupwa. Rhona alikuwa akitazama shakwe, ndege wa baharini, kupitia dirishani. Alipotajwa jina alisimama akasema, "Sijui, mwalimu." Darasa likaangua kicheko. "Mtoto wa mvuvi haijui bahari!" alipiga kelele Struan, jirani yake, na kufikia mapumziko jina lilikuwa limeshamganda: Bi Sijui.

"Umeamkaje, Bi Sijui?" Struan alisema sasa, akijibwaga juu ya rundo la kamba za nanga.

"Nimeamka vizuri mpaka nilipokuona wewe."

"Nimekuuliza tu hali. Au hilo nalo hulijui?"

Rhona alimrushia maji ya brashi, Struan akakwepa huku akicheka.

Basi la saa tatu liliposimama juu ya kilima, walishuka wanawake wawili wenye umri wa nyanya zao, wakateremka taratibu hadi gatini. Mmoja alikuwa mrefu, amevaa koti jekundu na ameshika karatasi. Mwingine alikuwa mfupi, mwenye uso wa ucheshi, na alitembea kwa mkongojo.

"Hamjambo, watoto wazuri," alisema yule mrefu. "Mimi ni Netta, na huyu ni mdogo wangu, Effie. Leo tunatembelea vijiji vya wavuvi, vinne kwa siku moja, bila kiongozi. Nimepanga kila kitu mwenyewe."

"Amepanga hata saa ya mimi kwenda chooni," alisema Bi Effie.

Watoto wakacheka, hata Rhona.

"Msicheke, ni kweli. Majira yote ya baridi nilikuwa kitandani, nimepasuliwa nyonga. Kila siku dada ananiambia, ukisimama tu, Effie, tutakwenda kuiona bahari. Basi nimesimama."

Bi Netta alimwonyesha Rhona karatasi yake. "Tunataka kufika Abershiel kwa miguu. Nimesoma kuna njia ya juu ya majabali, yenye ngazi nyingi, na njia ya chini, ufukweni. Ngazi zinamsumbua mdogo wangu. Je, kwa saa hizi njia ya chini inapitika?"

Rhona akafungua kinywa, kisha akasita. Alitazama bandarini. Maji yalikuwa nusu ya ukuta. Jumamosi iliyopita, saa kama hizi, yalikuwa vivyo hivyo, na yeye na mama yake walipita njia ya chini huku bahari ikizidi kuwakimbia. Lakini hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita. Leo yalikuwa yakiingia au yakitoka? Ratiba ya maji ilibandikwa kwenye mlango wa ghala la barafu, hatua ishirini tu kutoka pale. Angeweza kwenda kuitazama.

Kwa pembe ya jicho alimwona Struan. Tabasamu lilikuwa limeshaanza kumchezacheza mdomoni.

"Inapitika," alisema Rhona kwa sauti ya mtu anayejua. "Maji yanatoka. Piteni tu chini, ufukwe wote ni wenu."

"Unaona, Effie? Nilikwambia tuulize wenyeji," alisema Bi Netta. Wakashukuru, wakaenda. Rhona aliwatazama hadi walipopotea nyuma ya ukuta wa bandari, kisha akamgeukia Struan na kumtolea ulimi.

Aliendelea na madema. La kwanza likaisha, la pili likaisha. Alipoinama kuchovya brashi, mkono wake ulipapasa hewa. Ndoo aliyokuwa ameiweka kwenye ngazi kavu ya gati ilikuwa inaelea, ikisogea polepole kuelekea katikati ya bandari.

"Ndoo yako imeamua kwenda kuvua," alisema Struan.

Rhona hakucheka. Alizihesabu ngazi. Alipofika asubuhi zilikuwa tano juu ya maji. Sasa zilikuwa mbili. Alikimbia hadi ghala la barafu, akapitisha kidole chenye chumvi kwenye ratiba hadi tarehe ya leo. Maji kujaa: saa sita kamili mchana.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Katikati ya njia ya chini, jabali lilijitokeza hadi baharini. Maji yakijaa, mtu aliyekuwa katika ghuba ndogo iliyo kabla ya jabali hilo hakuwa na pa kwenda mbele wala nyuma, na ukuta wa mawe nyuma yake haupandiki hadi juu.

Struan alikuwa amemfuata. Naye aliisoma ratiba, rangi ikamtoka usoni.

"Labda wameshavuka," alisema.

"Na ule mkongojo? Hawajavuka."

"Basi labda wamegeuka. Rhona, sikiliza. Walimuuliza tu mtoto mmoja gatini. Nani atajua kuwa ni wewe? Tuseme tumewaona wakienda, basi. Tusiseme tumewaambia nini."

Maneno hayo yalimvutia Rhona kuliko alivyopenda. Mwishoni mwa gati aliiona mashua ya mama yake, Jessamine, imefika, na mama yake mwenye buti za mpira akipakua makreti ya kaa pamoja na Tam, jirani yao. Senga Gourlay alikuwa mtu ambaye manahodha wenzake walimuuliza habari za hali ya hewa. Itakuwaje wakisikia kuwa binti yake ndiye aliyewapeleka wazee majini? Lakini miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia.

"Mama! Kuna wageni wawili njia ya chini! Mmoja anatembea kwa mkongojo."

Senga aliweka kreti chini. "Lini?"

"Saa tatu na kidogo."

"Wamepita chini na maji yanajaa? Hawakumuuliza mtu?"

Rhona alihisi masikio yakiwaka moto. "Waliniuliza mimi. Niliwaambia yanatoka. Sikujua, mama. Nilisema tu."

Senga alimkazia macho. Rhona angependa kugombezwa kuliko kutazamwa vile. Kisha mama yake akatoa simu mfukoni, akawapigia walinzi wa pwani na kumpa Rhona. "Waambie wewe. Yote, kama ulivyoniambia mimi. Wakijua walichoambiwa, watajua pa kuwatafuta."

Rhona akasema. Wangapi, saa ngapi, wamevaa nini, wanatembeaje, na nani aliyewaelekeza. Sauti kwenye simu ilimwambia chombo cha uokoaji kinatoka bandari ya jirani, kitachukua nusu saa.

"Sisi tutafika kabla," alisema Senga, tayari yumo mashuani. "Tam, leta kidau na majaketi ya kuokolea. Rhona, wewe na Struan piteni juu. Juu, mmenisikia? Msishuke hata unyayo mmoja. Mkiwaona, wewe simama hapohapo na unyooshe mkono, ili nijue walipo."

Watoto walizipanda zile ngazi wakihema kama mbwa. Juu ya majabali upepo wa mashariki uliwapiga usoni. Rhona alilala kifudifudi, akachungulia. Mara ya kwanza aliona povu tu. Kisha akaona koti jekundu.

Dada hao wawili walikuwa wamekwama kwenye kipande cha mchanga kisichozidi upana wa chumba. Bi Netta alikuwa amevua viatu, maji yamemfika magotini, akimvuta mdogo wake kwa mkono kuelekea kwenye jabali lililojitokeza.

"Bi Netta!" Rhona alipiga kelele kwa nguvu zote. "Rudini! Msiingie majini!"

Bi Netta akainua uso. Hata kutoka juu ilionekana jinsi alivyokasirika. "Si wewe ndiye uliyesema maji yanatoka?"

"Ni mimi!"

"Basi kwa nini nikuamini sasa?"

Swali hilo lilimchoma Rhona kama mwiba wa samaki. Wimbi lilikuwa linakuja.

"Usiniamini mimi!" alilia. "Nilisema bila kujua, niliona haya! Amini mawe! Tazama ukutani nyuma yako, kuna mstari mweusi wa mwani. Unauona? Maji hufika hapo tu. Juu ya mstari mawe ni makavu, na kuna bapa la kukalia. Mpandishe Bi Effie hapo!"

Bi Netta aligeuka. Mstari ulikuwepo, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na juu yake jiwe lilikuwa la kijivu na kavu. Aliutazama, akatazama maji meusi aliyotaka kuyavuka. Wimbi likapiga jabali na kurusha povu juu kuliko kichwa chake. Akarudi nyuma.

Ilikuwa kazi kubwa kumpandisha Bi Effie. Mkongojo ulichukuliwa na maji. Lakini walipanda, wakakaa wameshikana, na maji yakaja yakaramba mchanga waliokuwa wamesimama juu yake.

"Mtoto!" aliita Bi Effie. "Mashua itafika lini?"

Struan alikuwa amesimama kando. Rhona hakumtazama.

"Sijui!" alijibu. "Lakini mama ameshatoka bandarini, hilo nina hakika nalo. Na mimi siondoki hapa."

Akasimama, akanyoosha mkono kuelekea chini, na kuuacha hivyo ingawa bega lilimuuma. Hatimaye Jessamine ikatokea nyuma ya jabali, ikiyumba. Senga aliuona mkono, akageuza omo, pua ya mashua, kuelekea ghubani. Alitia nanga nje ya mawe, Tam akaingia kwenye kidau na kukiachilia kwa kamba iliyofungwa mashuani, kidogo kidogo, hadi chini ya bapa. Alimbeba Bi Effie kama anavyobeba kreti la kaa wazima, kwa uangalifu, akimwomba radhi njia nzima. Waokoaji walipofika na chombo chao cha mpira, walikuta dada wote wawili wamo mashuani, wamelowa na hawana hata jeraha. Waliwapima, wakawafunika mablanketi, wakamwambia Senga hakuna haja ya hospitali.

Saa saba mchana wale dada wawili walikuwa jikoni kwa akina Gourlay, wamevaa sweta za watu wengine, kila mmoja na bakuli la supu ya samaki wa moshi na viazi. Struan alikuwepo pia, amekaa ukingoni mwa kiti.

Rhona alisimama mbele ya wageni. Alikuwa amepanga maneno mengi, yakapotea yote. "Nisameheni," alisema. "Ratiba ilikuwa karibu nami, sikwenda kuitazama. Sikutaka kuonekana sijui."

"Ningependa kukwambia si kitu," alisema Bi Netta. "Lakini ni kitu, binti. Ni mdogo wangu." Alinywa supu vijiko viwili, vitatu. "Hata hivyo, ulipiga kelele mpaka sauti ikakukauka. Nimekusamehe."

"Na mimi nilimcheka Alhamisi," Struan alisema ghafla, akitazama viatu vyake. "Nikamwita Bi Sijui. Kisha nikamwambia anyamaze. Mimi pia nisameheni."

Senga alimsogezea Struan mkate.

Saa tisa upepo ukalegea. Senga aliwaambia wageni kuwa hawezi kuwarudishia asubuhi yao, lakini mashua anayo. Hivyo wale dada wawili waliviona vijiji vilivyobaki kutoka baharini, nyumba nyeupe zenye vigae vyekundu zikiteremka hadi majini, na Bi Effie alishangilia kila shakwe kana kwamba ni wa kwanza kuumbwa. Jioni, kwenye gati la Abershiel, Rhona alimpa mkono ashuke. Tam alikuwa amemchongea mkongojo mpya kutokana na kasia lililovunjika.

Bi Effie hakuuachia mkono wa Rhona mara moja.

"Kabla ya nyonga hii nilikuwa muuguzi," alisema. "Miaka thelathini na mmoja wodini. Kila mwaka waliletwa wauguzi wapya. Unajua ni wepi niliowaogopa? Si wale waliokuja kuniambia, dada, dawa hii siijui, nielekeze. Hao walinifanya nilale usingizi bila wasiwasi. Niliwaogopa waliokuwa na jibu la kila kitu. Mgonjwa anayekuuliza amekukabidhi uhai wake, Rhona, na anayekuuliza njia ni vivyo hivyo. Kutojua si kosa. Kosa ni kumpa mtu kitu usichokuwa nacho, ukamwacha aende akikitegemea. Na ukishakosea, fanya kama ulivyofanya leo. Sema upesi, kwa mwenye uwezo wa kusaidia, na usibakize neno. Aibu ya kusema hupita. Bahari haingoji umalize kuona haya."

"Nimesikia, Bi Effie," alisema Rhona.

Senga, aliyekuwa ameshika kamba ya mashua, alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamshika binti yake begani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na hakuliachia bega hilo mpaka basi la wale dada wawili lilipowasha taa na kuanza kupanda kilima.