Mguu wa Kiraka

Duka la vitambaa lilijaa mpaka mlangoni. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na akina mama waligombania kitambaa cha sare kana kwamba kinagawiwa bure. Fundi makochi mmoja, mwanamume wa miaka arobaini na moja ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji, alikuwa amejibana kwenye kona ya vitambaa vizito na jora la kijani begani, akisubiri kupimiwa. Hapo ndipo aliposikia kilio chembamba kikitoka nyuma ya marobota.

"Umesikia?" aliuliza mwanamke aliyesimama pembeni yake.

"Nimesikia. Panya."

"Panya gani analia hivyo, baba? Hebu nishikie."

Hakusubiri jibu. Alimtwisha mkoba wake, akakusanya gauni lake jekundu magotini na kuinama. Tepu ya kupimia ilimning'inia shingoni, na visigino vyake vilikuwa safi, vimepakwa mafuta. Sponji aliviona visigino kabla ya kuuona uso, na hakuona haya.

Alikuwa mtoto wa paka, mweupe, mwenye kiraka cheusi kwenye jicho moja. Kamba ya nailoni ya kufungia marobota ilikuwa imemzunguka mguu wa nyuma mpaka ikazama kwenye nyama.

"Una mkasi?"

"Fundi gani anatembea bila mkasi?"

"Basi kata, usinihadithie."

Alikata. Paka akamshukuru kwa kumng'ata kidole gumba, na Sponji akatamka neno ambalo halisemwi mbele ya akina mama. Yule mwanamke alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ni kicheko hicho kilichomvuruga. Jora la kijani alilisahau palepale dukani.

Mwanamke alikuwa mshonaji wa nguo, na wateja wake walimwita Pindo, kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kupinda nguo. Walimpeleka paka kwa daktari wa wanyama, mtaa wa pili, mama mfupi asiyependa maneno mengi.

"Kidonda kisafishwe kila jioni," daktari alisema. "Bandeji ifungwe kwa kulegea, kidole kipite chini yake. Na asigugune. Akizidi kuguguna, mguu huu mtaupoteza."

Wakamwita Kiraka. Pindo hakuweza kukaa naye mchana, maana chumba chake cha kushonea kilikuwa na nyuzi kila mahali na paka akimeza uzi amekwisha. Basi mchana Kiraka akawa karakanani kwa Sponji, na jioni Pindo akawa anampitia, anamsafisha, anamfunga bandeji mpya na kwenda kulala naye kwao, kwa mama yake.

Simu zikaanza siku ya kwanza.

"Haloo, mzazi mwenzangu," alisema Pindo, cherehani ikinguruma nyuma yake.

"Nani mzazi mwenzako? Sijaona hata soda."

"Mtoto kala?"

"Kala. Kalala kwenye kochi la mteja kama amelilipia."

"Na mimi hujaniuliza kama nimekula."

"Wewe na mdomo huo, ukose kula?"

"Ndiyo maana hujaoa, Sponji."

"Ndiyo maana nakupigia, mpenzi."

Cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea kwa kasi zaidi. Sponji alicheka peke yake karakanani, na misumari midogo nusura imtoke mdomoni. Wiki moja ikapita hivyo. Siku hizi alikuwa ananyoa ndevu kila asubuhi na kuvaa shati lenye vifungo vyote, na wateja walianza kumuuliza kama ana kesi mahakamani.

Tatizo lilikuwa Kiraka. Kila akiachwa dakika mbili, kichwa kinaenda mguuni. Aliguguna bandeji, akalamba kidonda, akavuta nyuzi kwa meno yake madogo kama sindano. Sponji alimpigia makofi, akamfokea, akamwimbia, hakusikia.

Alipomtazama vizuri siku ya pili ya wiki hiyo, fundi aliona sababu, au alidhani ameiona. Bandeji ilikuwa inacheza. Miaka ishirini na tatu Sponji alikuwa amefanya kazi moja, kuvuta kitambaa juu ya sponji mpaka kisibaki na mkunjo hata mmoja, halafu kupigilia. Kitambaa kinacholegea kilimuuma machoni kama jino bovu. Akamlaza Kiraka mapajani, akaifungua kazi ya Pindo, akaifunga upya, akavuta, akapiga fundo la kwenye makochi. Ikakaa safi kabisa. Akajipongeza.

Jioni, kabla Pindo hajafika, alirudishia ule mtindo wa kulegea.

"Hujagusa bandeji?" Pindo aliuliza.

"Sijagusa."

Alisema hivyo kwa sababu aliogopa kugombezwa. Kesho yake alisema hivyohivyo kwa sababu jana yake alishasema. Na kadiri Kiraka alivyozidi kuguguna, ndivyo fundi alivyozidi kuvuta.

Jumanne asubuhi simu ililia mapema. Pindo alikuwa analia.

"Nimetoka kwa daktari. Amenisema mbele ya foleni nzima, Sponji. Eti mimi ndiye ninayembana. Vidole vimevimba, vya baridi, damu haifiki. Amesema paka anaguguna kwa sababu mguu unakufa ganzi. Ijumaa vikiwa hivi, anakata mguu."

Sponji alikaa juu ya fremu ya kochi.

"Kidole kinapita chini yake, kila jioni napima!" Pindo aliendelea. "Sijui nakosea wapi. Au nina mkono mbaya?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Pole, mpenzi," alisema. "Mlete tu."

Alipoletewa paka hakuthubutu kumgusa saa nzima. Kisha akaona hata bandeji aliyofunga Pindo asubuhi imejikunja kwa kuguguna na kubana juu ya kidonda. Akainama kuilegeza, taratibu, jasho likimtoka. Ndipo kivuli kikasimama mlangoni. Pindo alikuwa amesahau dawa ya kidonda, na sasa alikuwa nayo mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nalegeza tu, mama. Imebana."

"Unalegeza nini, kama hujawahi kugusa?"

Pindo alitazama kapu la takataka. Bandeji za siku tano zilikuwa humo, alizokuwa Sponji akizibadilisha kila jioni kabla Pindo hajafika, na mbili alizozikata kwa haraka bado zilikuwa na fundo lile la makochi.

"Kumbe," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nimetukanwa mbele za watu. Nimelia kwenye simu, wewe unanisikiliza, unaniambia pole."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Akishabaki na miguu mitatu? Tulimtoa kwenye kamba, wewe ukamrudisha kwenye kamba! Na kufunga vibaya ningekusamehe, fundi, mkono wako ndio umezoea. Lakini nilikuuliza kila jioni. Kila jioni ulinitazama usoni."

Akamchukua Kiraka, akaondoka. Simu ya kwanza hakupokea, wala ya pili. Jumatano ilipokewa na mama yake.

"Shikamoo, mama. Yupo?"

"Marahaba. Yupo, lakini amesema niseme hayupo. Mimi sijui kusema uongo kama watu wengine."

"Paka hali yake?"

"Paka tunamwangalia kwa zamu. Wewe jiangalie."

Simu ikakatwa. Siku hiyo Sponji alipigilia kochi la mteja kitambaa kikiwa ndani nje.

Ijumaa alifika kwa daktari kabla ya mlango kufunguliwa. Watu wakajaa, na mbwa wao, na kuku wao. Pindo alipoingia na kikapu, amevaa gauni la bluu na kitambaa kichwani, macho mekundu kwa kukesha, alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme. Daktari alipoita, Sponji alisimama naye.

"Daktari, siku ile ulimsema huyu dada mbele ya watu. Basi na mimi niseme mbele ya watu. Anafunga vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua nyuma ya mgongo wake na kubana, halafu nikamwambia sijagusa. Kosa ni langu lote."

Kuku mmoja tu ndiye aliyeendelea kuongea. Mzee mwenye mbwa akasema, "Duh."

"Wewe kazi yako nini?" daktari aliuliza.

"Fundi makochi."

"Nilijua tu. Ingieni wote wawili."

Mezani, daktari alifungua mguu. Uvimbe ulikuwa umepungua, lakini vidole bado vilikuwa na rangi ya kijivu. Pindo alishika ukingo wa meza. Daktari akachukua koleo ndogo, akabana kidole cha mwisho. Kimya. Akabana cha pili. Kiraka alipiga yowe, akageuka na kumng'ata daktari.

"Anasikia!" Daktari alicheka, mara ya kwanza tangu wamjue. "Mguu upo. Hakuna bandeji tena. Avae kola, na msimwache agugune. Siku kumi."

Alimvisha kola pana ya plastiki iliyomzunguka kichwa kama tarumbeta. Nje, Pindo alisimama barabarani na kikapu.

"Mchana bado siwezi kukaa naye," alisema. "Nyuzi."

"Najua."

"Usifurahi, Sponji. Ni kwa ajili ya paka."

"Sijafurahi," alisema, halafu akajisahihisha. "Hapana. Nimefurahi sana."

Jumatatu saa nne asubuhi Pindo alipokea simu. Cherehani ilikuwa inanguruma.

"Nimemvua kola dakika moja ale," alisema Sponji. "Akajilamba mara mbili, nikamrudishia. Kidonda kimekauka pembeni, katikati bado."

"Haya. Asante kwa kuniambia."

Saa sita akapiga tena. "Amejigonga na kola mlangoni. Hakuumia. Nilicheka kwanza ndipo nikamwinua."

"Sponji, hilo nalo lazima niambiwe?"

"Nakwambia yote sasa. Jumatano nilikunywa chai bila sukari sikujua. Na nakupenda. Na nataka nije kwa mama yako nimwombe nikuoe, lakini nimeona nikuulize wewe kwanza, nisije nikafanya kitu nyuma ya mgongo wako tena."

Cherehani ilinyamaza. Safari hii haikuendelea. Sponji alisikia pumzi tu, kisha kile kicheko, kidogo kidogo, kikipanda.

"Mambo kama hayo huyasemi kwenye simu na misumari mdomoni. Njoo uyaseme hapa, nikuone macho. Na mtoto uje naye."

Sponji alitema misumari mkononi, akamtia Kiraka na kola yake kifuani, ndani ya shati.

"Fundi!" mteja aliyekuwa anangoja aliita. "Na kochi langu?"

"Nimelikosea," fundi alisema akiwa tayari barabarani. "Upande mzima. Kesho nalifumua."