Mlio Chini ya Landrova

Kila maji yalipokupwa, Mjaka aliteremsha Landrova mpaka kwenye mchanga wa pwani ya Kiwengwa. Alipakia samaki, akawapeleka sokoni mjini. Landrova ilikuwa mali ya ushirika wa wavuvi. Ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Lakini mwaka ule wa 1971 kijiji kizima kilikuwa na gari hiyo moja tu.

Mjaka alikuwa mtu wa kisiwa cha Tumbatu. Baba yake na babu yake walikuwa mabaharia. Walimfundisha kwamba chombo kikipandishwa pwani hupakwa mafuta ya papa, ili maji ya chumvi yasile ubao. Basi Mjaka akaitendea Landrova vivyo hivyo. Kila wiki aliingia chini ya gari na kopo lake, akavipaka vyuma vyote mafuta ya papa. Gari ilinuka mpaka paka wakaifuata. Wavuvi walimsifu, wakamwita fundi, naye akalipenda jina hilo kupita kiasi.

Kisha gari ikaanza kulia. Chini ya sakafu kulitoka mlio mwembamba: kwi, kwi, kwi. Gari ikianza kuondoka, kitu kiligonga: ko. Abiria walipouliza, Mjaka aliwaambia kwamba gari yenye sauti ndiyo nzuri, maana ng'ombe huisikia mapema wakapisha njia. Abiria walicheka. Mkewe, Kidawa, hakucheka.

Kidawa alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkunga wa kijiji, Bi Mwanapili, alimpima akaona mtoto amelala kingamo, kichwa hakikuelekea chini. Akasema waziwazi kwamba mtoto huyu hatazaliwa salama kijijini. Uchungu ukianza tu, Kidawa apelekwe hospitali mjini bila kukawia. Mjini hawakuwa na ndugu wa kufikia wakangoja siku. Tegemeo lao lilikuwa Landrova.

"Mjaka," Kidawa alimwambia, "gari hii ina jambo, na wewe hutaki kuisikiliza. Ntapanda vipi na mtoto wangu tumboni?"

Mjaka alitaka kufanya mzaha. Alipomtazama mkewe usoni, akauacha, akakubali kuipeleka gari kwa fundi.

Siku ya pili walikwenda wote wawili mjini, mtaa wa Malindi, karibu na bandari, kwa Borafya. Borafya alikuwa mzee mwenye asili ya bara. Kwa miaka mingi alitengeneza malori yanayobeba shehena. Watu walisema gari humweleza ugonjwa wake kabla hajafungua boneti. Mjaka aliona hayo ni maneno ya barazani tu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Gari ina nini?"

"Inalia."

"Inalia lini?"

Mjaka alifikiri kidogo. "Inalia tu, fundi."

Borafya alimwambia hiyo haitoshi. Mgonjwa akisema anaumwa tu, daktari atampa dawa gani? Hapo Kidawa akaingia. Tangu utotoni alipiga usumba, yale makumbi ya nazi ya kusokotea kamba, pamoja na wanawake wa pwani, na sikio lake lilizoea kufuata mapigo. Alieleza polepole. Gari ikisimama huku injini inanguruma, mlio haupo. Ikitambaa, mlio huja mmoja mmoja. Ikikimbia, nao hukimbia. Na ile ko huja wakati wa kuondoka, na wakati wa kurudi nyuma.

Borafya aliweka spana chini. Alisema tangu aanze kazi hajapata dereva aliyemweleza vizuri hivyo.

Alasiri aliwachukua mpaka Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyokuwa yakijengwa. Wajenzi walikuwa wameshatoka kazini, pamekuwa kimya. Borafya alimwambia Mjaka aendeshe taratibu karibu na ukuta, madirisha wazi. Mlio ukatoka chini ya gari, ukagonga ukuta, ukawarudia masikioni. Ulikuwa wazi kabisa. Mara ngapi Mjaka amelala chini ya gari hii, na hajawahi kuisikia hivi.

"Toa gia, iache iende yenyewe," Borafya alisema.

Gari ikateleza. Mlio haukukoma. Borafya akaeleza kwamba basi ugonjwa hauko kwenye injini, bali kwenye kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Akataka Mjaka apinde kushoto, kisha kulia. Mlio haukubadilika, kwa hiyo beringi za magurudumu hazikuelekea kuwa na kosa. Kidawa alimtazama mzee yule akiwa amefumba macho, akajihisi yuko mbele ya mtu anayeona ndani ya chuma.

Waliporudi karakana, Borafya alizima injini, akatoa gia, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ndipo akaingia chini. Akashika propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma. Akaitikisa huku na huku. Ko. Ilikuwa sauti ile ile. Kwenye kiungo chake palijaa vumbi jekundu.

Alikifungua kiungo, akamtilia Mjaka kiganjani msalaba mdogo wa chuma. Kwenye ncha zake huwa mna vijiti vya chuma vyembamba mno, mfano wa sindano za kushonea. Vingine vilivunjika. Vingine vilikuwa unga wa kutu.

"Nguvu zote za magurudumu ya nyuma zinapita hapa," Borafya alisema. "Mafuta ya papa yanalinda ubao. Huku ndani hayafiki, na ya nje yanaoshwa na bahari. Hapa panataka grisi, isukumwe ndani kwa bomba. Kiungo hiki kingekatika njiani, propela ingeanguka ikajichomeka barabarani, gari ikapinduka."

"Kingekatika lini?" Kidawa aliuliza.

"Sidhani mwezi huu ungekwisha."

Kidawa aliugusa msalaba ule kwa ncha ya kidole, akanong'ona, "Subhanallah." Kitu kidogo namna ile kilibeba watu wote wa Kiwengwa, na hakuna aliyejua kama kipo.

Borafya alitia kiungo kipya, akampa Mjaka bomba la grisi alisukume mwenyewe. Akamwagiza asiingize gari kwenye maji ya bahari, kila akitoka pwani aioshe kwa maji baridi ya kisima, na kila wiki atie grisi.

Siku ya tisa baada ya hapo, asubuhi, uchungu ulianza. Landrova ilikwenda kimya mpaka hospitali. Kidawa alipasuliwa, akapata mtoto wa kike. Daktari alisema wangechelewa saa moja tu, mtoto asingekuwa hai, na mama pengine naye.

Mjaka aliruhusiwa kuingia jioni. Alisimama kando ya kitanda, machozi yanamtoka.

"Kidawa, mlio ule nliusikia kabla yako. Mwezi mzima. Watu wananiita fundi, nkaona haya kuuliza."

"Nnajua," Kidawa alisema. "Kaa hapa, umpakate mwanao."