Tundu Chini ya Rangi Nyekundu

Maji yalipomfika Enelda vifundoni mle mashuani, alijua yanaingilia wapi. Shemeji yake Gilford hakujua. Alikuwa akiyakumba kwa ndoo huku akijilaani.

"Ni kalafati yangu hiyo, shemeji! Pamba niliyozibia mbao imeng'oka. Mikono imezeeka."

Mwezi mmoja nyuma, mashua ya marehemu mumewe ikiwa imepandishwa pwani kisiwani kwao Carriacou, Enelda alikuwa akiikwangua magamba ya bahari, kisu kikazama ubaoni hadi mpinini, karibu na mkuku, uti wa chini wa mashua. Wadudu walikwisha kuula kwa ndani. Kubadilisha ubao kungechukua wiki mbili, na mashindano ya mashua ya Agosti yalikuwa Jumamosi ile. Kijijini kwao, mashua ikibaki nchi kavu siku hiyo, mwenyewe huchekwa hadi Krismasi. Akaziba kwa lami, akapaka rangi nyekundu, akainyunyizia mashua ramu kama ilivyo desturi. Walishika nafasi ya pili. Sasa wakirudi kutoka kisiwa cha Union, mawimbi yalikuwa yameing'oa ile lami.

Wakaikwamisha mashua kwenye kisiwa cha mchanga mtupu. Hakukuwa na kivuli, na dumu lilibaki na maji ya kunywa vikombe vitatu. Bahari ilipokupwa, wakafunga kamba mlingotini, wakavuta mpaka mashua ikalala ubavu. Viganja vya Enelda vilichunika.

"Kunywa funda moja tu," Gilford alisema. "Tuna saa nne kabla maji hayajajaa."

Akaanza kuchokoa mshono wa mbao wa mbele, mshono mzima kabisa. Enelda akautazama mgongo ule ulioinama. Bahari ingerudi na kulikuta tundu wazi.

"Acha hapo, shemeji. Kalafati yako ni nzima."

Akakwangua rangi kando ya mkuku. Ubao ukamomonyoka kama mkate uliolowa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nijitukane asubuhi nzima!"

"Niliona aibu."

"Haya, inywe basi hiyo aibu, dumu likiisha."

Gilford akakata debe la mafuta ya kupikia, akapigilia bati lake kwenye tundu, juu ya kipande cha tanga kilichopakwa grisi. Maji yakajaa, mashua ikainuka, ikavuja kidogo tu.

Walipofika kwao, vijana wa pwani waliona maji mashuani, wakaanza dhihaka.

"Fundi Gilford! Safari hii umekalafati kwa makumbi ya nazi?"

Gilford alifunga kamba. Hakumtaja mtu. Enelda akaruka majini.

"Fundi hana kosa! Ubao ulioza, nikaupaka rangi. Mimi!"

Wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Enelda alisimama maji yakimfika magotini, akawasikiliza, na akashangaa kwamba kwa kukiogopa kicheko hicho alikuwa tayari kumzamisha mtu.